Kile Kina Mwenyewe

Irene alizunguka chumba mara mbili akitafuta mlango wa bafu, asiuone. Kuta nne, dirisha moja linalotazama foleni ya malori ya mpakani, basi. Lakini alipoketi kitandani alisikia mtu akioga humo humo: kata inachota, maji yanamwagika, kata inachota tena.

Alijipa moyo kuwa ni jirani. Binti wa watu alikuwa ametoka Kasama, Zambia, kuja kusoma uuguzi Tunduma, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza sokoni. Chuo kilimwambia wazi: asipoleta barua ya makazi kutoka serikali ya mtaa kabla ya Ijumaa, nafasi anapewa mwingine. Alitafuta chumba self, chenye choo na bafu ndani, hadi viatu vikachakaa. Kwa Mama Fides vyumba vyote vilikuwa vimejaa isipokuwa kimoja.

"Kile hapana, mwanangu," Mama Fides alimwambia. "Kile kina mwenyewe."

Mwenyewe ndiyo self, Irene alijitafsiria, akafurahi. "Ndicho nakitaka, mayo. Nitakaa na mwenyewe tu," alisema, akimwita mama kwa Kibemba.

Mama Fides alimsogelea. "Umekubali kwa kinywa chako?"

"Nimekubali."

Yule mama akampa ufunguo. Huenda alidhani watu wa ng'ambo wana dawa zao.

Kesho yake mwenyekiti wa mtaa alimuuliza anaishi na nani. "Na mwenyewe," akajibu. Mwenyekiti akaelewa mwenye nyumba, akaandika hivyo hivyo, "anaishi na mwenyewe", na kugonga mhuri. Barua ikaingia kwenye faili chuoni, nafasi ikawa yake.

Kila magharibi maji yalimwagika. Siku ya pili ikaja harufu ya udi, ya tatu zikaonekana nyayo zilizolowa zikitoka ukutani, na kila jioni zilisogea hatua moja kuelekea kitandani, na Irene alizipangusa kwa kitambaa, akijiambia ni bomba linavuja, ingawa chumba hakikuwa na bomba, hadi jioni ile nyayo zilipofika kwenye ndara zake na sauti ya upole ikasema karibu na sikio lake, "Naomba taulo."

Alitoka mbio hadi kwa Mama Fides. "Mayo, mle ndani kuna mtu," alinong'ona.

"Si nilikwambia kina mwenyewe? Ukasema utakaa naye."

Ndipo alipoelewa kwamba chumba hakikuwa na bafu, kilikuwa na mwenyeji wake.

Mama Fides alimwita Mzee Ipyana, mganga wa Mbebe, akafika asubuhi kwa bodaboda. Alinusa hewa, akakataa hata kukaa. "Huyu hakuvamia, alikubaliwa," alisema kwa sauti ya chini. "Ulimkubali kwa maneno, mkatae kwa maneno. Usiache hata moja."

Irene akasimama mlangoni. "Sikai na wewe. Sikujua nilichosema."

Harufu ikakatika. Alilia kwa furaha, akahamia hosteli ya chuo, chumba kimoja na Restuta, msichana wa Ndalambo. Bafu lilikuwa nje, mwisho wa uwanja.

Siku ya tatu, jua likizama, Restuta aliinua kichwa kutoka kwenye daftari.

"Irene, nani anaoga humu?"

Asubuhi Irene, akikumbuka neno moja alilokuwa hajalikataa, alikuwa wa kwanza kwenye ofisi ya chuo, akiomba barua yake. Karani aliifungua. "Mbona iko sawa? Anaishi na mwenyewe. Mhuri upo."

"Naomba niichane, kaka."

"Chana. Ila muda umepita, dada, hatupokei nyingine. Ukiitoa, unarudi kwenu leo."

Irene aliitazama ile karatasi. Alimkumbuka mama yake alivyomwaga machozi ya shukrani kanisani, akamwambia karani aiache tu kwenye faili.

Jioni maji yalipokoma, Restuta alijifunika blanketi gubigubi. Irene alichukua taulo lake, akalinyoosha kuelekea ukutani, akafumba macho. Likapokelewa.