Teke la Juu la Akida

Jumatatu asubuhi, jua likiwa bado halijawa kali, Mwahija alikuwa tayari ameshachoma vitumbua sinia nzima. Birika la chai lilikuwa linachemka. Binti yake Zamoyoni, wa miaka miwili, alikuwa amelala mgongoni kwake ndani ya kanga. Wachimbaji wa almasi walikuwa wanapita barabarani na makoleo begani. Wengine walisimama kunywa chai, wengine walisalimia tu na kupita. Hivyo ndivyo siku zilivyoanza pale Maganzo mwaka 1984.

Hatua tano kutoka jikoni kwa Mwahija, mume wake Akida alikuwa anapigilia wavu wa chuma kwenye fremu ya mbao. Kazi yake ilikuwa kutengeneza machekeche. Wachimbaji waliyatumia kuchekecha mchanga, wakitafuta jiwe moja dogo la kubadilisha maisha yao.

Akida alikuwa fundi mzuri. Alikuwa na maneno machache na mikono myepesi. Lakini alikuwa na jambo moja la kujivunia kuliko ufundi wake. Kila Jumamosi alipanda basi kwenda Shinyanga mjini kujifunza taekwondo. Watu wa Maganzo waliiita karate, kwa sababu kwao kila teke lilikuwa karate. Akida alikuwa ametundika kopo upenuni mwa nyumba, juu kidogo ya kichwa cha mtu. Kila jioni alilipiga teke. Kopo lililia, watoto walipiga makofi, na Akida alitabasamu. Mwahija naye alitabasamu. Alidhani ni mchezo tu.

Asubuhi ile mtu mmoja alikuja mbio, jasho likimtoka. Alikuwa Gregory, mchimbaji mwenye mabega mapana. Mkononi alikuwa na chekeche.

"Wewe Akida!" alipiga kelele. "Tazama ulichonifanyia!"

Akapitisha vidole viwili kwenye kona ya chekeche. Wavu ulikuwa umeachana na mbao.

"Jana nimeliona jiwe kwa macho yangu," alisema Gregory. "Linang'aa kama jicho la paka. Nikachekecha tena, halipo. Limepita hapa! Miaka minne nimechimba, Akida. Miaka minne! Jiwe langu limepita kwenye tundu lako."

"Chekeche nimekuuzia likiwa zima," Akida alijibu. "Wiki ya tatu sasa unalijaza mawe mazito. Wewe ndiye uliyeling'oa."

Nani angejua ukweli? Jiwe lenyewe, kama kweli lilikuwepo, lilikuwa chini ya lundo la mchanga. Gregory alimkamata Akida ukosi wa shati. Akida alimsukuma. Wanywa chai waliinuka wakawaachanisha. Sinia ya vitumbua ikapinduka mchangani.

"Alhamisi ni mnada," Gregory alisema akiondoka. "Usipotee. Utanitambua mbele ya watu."

"Njoo tu!" Akida alimjibu. "Teke moja la shingo linakutosha."

Watu walicheka, wakapiga miluzi. Mwahija hakucheka. Aliinama kuokota vitumbua.

Habari ilienea haraka. Kufikia jioni, hata watu wasiomjua Akida walikuwa wanazungumzia pambano la Alhamisi. Mwanamke mmoja aliyekuja kununua chai alimwambia Mwahija, "Mama Zamoyoni, usiogope. Mumeo ana karate." Maneno hayo hayakumtuliza. Yalimzidishia hofu. Aliwaza jambo ambalo watu wote pale hawakuwaza. Kopo lile halikumrudishia Akida pigo hata siku moja. Halikumsogelea. Halikushika kitu mkononi.

Usiku alimwambia mumewe, "Baba Zamoyoni, nenda kwa mjumbe wa nyumba kumi ukaseme."

"Wataniita mwoga," alijibu Akida, akageukia ukutani.

Jumanne asubuhi Mwahija aliwaaga majirani kana kwamba anampeleka mtoto zahanati. Akapanda basi la Shinyanga. Kumwendea mwalimu wa mumewe bila mumewe kujua, hilo lilikuwa jambo la aibu. Lakini kumfunika mumewe sanda lilikuwa jambo baya zaidi.

Alimkuta Mwalimu Masele karibu na stesheni ya gari moshi, mahali alipokuwa akifanya kazi ya kuchomelea vyuma. Masele alikuwa mtu wa makamo. Zamani alikuwa askari, na taekwondo alijifunza jeshini. Alivua miwani yake myeusi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Mimi ni mke wa Akida wa Maganzo. Nimekuja na swali moja tu. Nijibu kweli, hata kama ni baya. Lile teke la juu. Katika ugomvi wa kweli, linafaa?"

Masele aliuliza ugomvi gani, na nani, na wapi. Mwahija alimweleza yote. Mwalimu alisikiliza, uso wake ukizidi kukunjamana.

"Kesho mchana nitakuja," alisema. "Usimwambie neno."

Jumatano mchana Masele alifika Maganzo kwa basi. Akida alifurahi kumwona, kisha akashangaa, kisha akamtazama mkewe. Mwahija aliangalia chini.

"Nasikia una pambano," alisema Masele. "Nataka kuona teke lako."

Akida alikimbilia ndani kuchukua raba zake.

"Hapana," mwalimu alimzuia. "Kesho utavaa raba? Vaa unavyovaa kazini."

Kwa hiyo Akida alibaki na suruali yake ya kitambaa na katambuga zake za tairi. Masele akamsimamisha pale Mwahija alipomwaga maji ya vyombo, juu ya kokoto zenye utelezi.

"Nipige shingoni. Kwa kasi yako yote."

Akida alisita, kisha akarusha mguu. Suruali ilimbana mapajani. Kabla mguu haujafika juu, Masele alikuwa ameshasogea hatua moja mbele. Aliukamata mguu kwapani. Akida akabaki anarukaruka kwa mguu mmoja kama kuku aliyefungwa. Masele alimlaza chini polepole, akimshikilia kichwa kisigonge jiwe.

"Tena," alisema.

Mara ya pili katambuga iliteleza, na Akida alianguka mwenyewe. Mara ya tatu Masele alishika mpini wa nyundo. Mguu ulipopanda, mpini uligusa goti la mguu uliosimama. Uligusa tu. Lakini Mwahija alifunga macho.

Akida alikaa chini mchangani, akihema. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Miezi kumi na minne umenifundisha," alisema. "Umenifundisha nini basi?"

Masele alichuchumaa karibu naye.

"Kosa hili lina sehemu yangu," alisema. "Nimewafundisha teke. Sikuwaambia linavyokuwa nje ya ukumbi. Sikiliza sasa. Ukumbini sakafu ni kavu. Mwenzako yuko peke yake, mbele yako. Yupo mwamuzi, na hairuhusiwi kushika mguu. Kesho nani atamwambia Gregory kwamba hairuhusiwi?"

Akida alizitazama kokoto.

"Teke si kitu bure," mwalimu aliendelea. "Lina nguvu kuliko ngumi. Wapo watu waliowaangusha wenzao kwa teke la kichwa, wala sikatai. Lakini kadiri mguu unavyopanda, ndivyo unavyochelewa. Na wewe unabaki na mguu mmoja. Mtu wa mguu mmoja ni nusu mtu. Haya, tuseme limempata. Ameanguka juu ya mawe haya, hakuinuka. Utakuwa umeshinda nini? Wewe gerezani, yeye kaburini, kwa ajili ya chekeche?"

"Kwani hakuna teke linalofaa?" aliuliza Mwahija. Alishangaa kusikia sauti yake mwenyewe.

"Lipo, mama. La chini. La paja, au la ugoko. Au kumsukuma mtu kiunoni kwa wayo, ili akae mbali. Mguu unaenda na kurudi chini mara moja. Lakini hilo nalo si la kushindia. Ni la kufungulia njia. Njia ikifunguka, ondoka. Nenda penye watu. Piga kelele."

"Nikimbie?" Akida aliuliza kwa uchungu. "Mnada mzima unaniangalia?"

"Ukimbie."

"Na akiwa na kisu?"

"Kisu hakipigwi teke, Akida. Kisu kinakimbiwa mapema."

Mwahija aliweka mtoto chini, akamsogelea mumewe.

"Mimi sikuolewa na teke," alisema. "Hao wanaokushangilia, kesho kutwa hawatanilelea mtoto."

Akida alifuta uso kwa kiganja. Jioni ile alifanya mazoezi na mwalimu wake mpaka basi la mwisho lilipokaribia. Hakuinua mguu juu ya kiuno hata mara moja. Alijifunza kunyoosha mikono mbele, viganja wazi. Alijifunza kurudi nyuma akiangalia anapokanyaga. Halafu, kabla ya magharibi, alikwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi, Mzee Makoye, akaeleza shauri lake. Mzee aliahidi kuwakutanisha Jumapili. Alimtuma mtu kwa Gregory. Lakini Gregory hakuonekana kambini kwake.

Alhamisi mnada ulijaa. Ng'ombe walilia, vumbi lilipanda. Mwahija aliweka birika lake pembeni, karibu na lango walikosimama mgambo wawili. Mahali hapo alipachagua kwa makusudi. Kila aliyepita na fimbo alimshtua. Chai aliimwaga mara mbili nje ya kikombe.

Saa sita, watu waligawanyika kama maji. Gregory alikuwa anakuja. Mkononi alikuwa na mpini wa sururu. Watu wawili walimfuata, kisha Mwahija hakuwaona tena kwa wingi wa watu.

"Karate! Karate!" umati ulianza kuimba.

Akida alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwa mkewe. Alinyoosha mikono, viganja wazi.

"Gregory, sitaki kupigana," alisema kwa sauti kubwa. "Mjumbe ametuita Jumapili."

"Jiwe langu litarudi Jumapili?"

Gregory alizungusha mpini. Akida alirudi nyuma, mpini ukapita mbele ya kifua chake. "Teke, Akida! La kichwa!" watu walipiga kelele. Mwahija alimwona mumewe akiuma meno. Alilijua jicho lile. Mguu wa kulia ulianza kuondoka ardhini.

"Chini!" Mwahija alipiga ukelele. "Chini, Baba Zamoyoni!"

Gregory aliinua mpini kwa mara ya pili. Mkono ukiwa bado juu, Akida alisogea pembeni na kumpiga teke fupi la paja. Lililia kama gunia lililodondoka. Mguu ulirudi chini papo hapo. Goti la Gregory lilikunjika, akajishikiza kwa mpini kama mzee. Akida hakungoja. Aligeuka, akamshika mkewe mkono, wakakimbia.

Walikimbia hatua ishirini tu, mpaka langoni. "Jamani, ana rungu! Tusaidieni!" Mwahija aliita kwa sauti ambayo hakujua anayo. Mgambo walikuja mbio. Nyuma yao watu walizomea. "Mwoga! Karate ya mbio!" Akida alisikia kila neno. Alisimama, akamshika mguu mtoto aliyekuwa mgongoni kwa mkewe, hakuuachia.

Mgambo walimnyang'anya Gregory mpini. Hakuna damu iliyomwagika.

Jumapili walikaa kwa Mzee Makoye. Gregory aliingia akichechemea. Mzee aliligeuza chekeche, akaliangalia kona kwa kona.

"Hapa pana misumari miwili," alisema. "Kona nyingine zina minne."

Akida aliinamisha kichwa. "Misumari ilikuwa adimu mwezi ule," alisema. "Nilibana. Jiwe kama lilikuwepo sijui. Lakini kona ile niliifanya vibaya. Nitakutengenezea jingine, Gregory. Nisamehe."

Hasira ilikuwa imemtoka Gregory, akaonekana mtu aliyechoka tu.

"Na mimi nilikushambulia kwa rungu," alisema. "Nisamehe." Kisha akaongeza, akitazama chini, "Kuna jambo ulijue. Siku ile wenzangu wawili walikuwa nyuma yako. Tulijua teke lako. Maganzo yote inalijua. Tulipanga hivi: ukiinua mguu juu, mmoja auvute ule uliosimama. Mwingine alikuwa na kisu. Walingoja uinue mguu. Hukuinua."

Mwahija alimkumbatia Zamoyoni mpaka mtoto akalalamika.

Wiki iliyofuata Akida alimpelekea Mwalimu Masele habari hizo. Tangu siku ile Masele alibadilisha darasa lake. Saa ya kwanza wanafunzi walifanya mazoezi ukumbini kama zamani, na teke la juu walijifunza, kwa kuwa linanyoosha mwili na ni zuri katika mashindano. Saa ya pili aliwatoa nje, uwanjani penye kokoto karibu na stesheni, wakiwa na nguo na viatu vyao vya kila siku. Huko alifundisha kuepa, kurudi nyuma, teke la chini, na kuondoka.

Kina mama nao walikaribishwa. Jumamosi ya kwanza walikuja watatu. Masele aliuliza nani aanze kuonyesha namna ya kuomba msaada. Wanawake walitazamana kwa haya. Mwahija alimkabidhi mumewe mtoto, akasogea katikati ya uwanja, akajaza pumzi kifuani, akaita msaada kwa sauti yake yote.

Watu wa stesheni, ng'ambo ya barabara, walisimama wakageuka wote kumtazama.