Chungu Kisichosimama

Jumamosi asubuhi, hapa Rubondo, kwenye kambi yetu ya wakimbizi karibu na Mbarara, jirani yangu Kankindi alikuwa anachimba shimo la choo. Ni mjane. Tulikimbia wote kutoka Kivu ya Kusini, ila yeye alifika mwaka huu. Watoto wake walikuwa wanamenya mihogo.

Jembe likakata mzizi, likagonga kitu. Kankindi akatoa chungu cha kale, cheusi kwa masizi. Akakiweka chini. Kikalala upande. Akakiinua, kikalala tena.

Jirani mwingine, Mihigo, alikuwa anapita.

"Nyungu haisimame!" akapiga kelele. "Batu gani banapika mu kitu kama hiki? Hii ni ya bulozi! Kankindi, ndiyo maana mahindi yangu yamekauka!"

Bulozi, yaani uchawi! Watu wakajaa. Mmoja akasema Kankindi afukuzwe. Mwingine akaokota jiwe avunje chungu. Kankindi akakumbatia watoto wake, akalia.

Lo! Hasira ilinipanda. Sote tulikosa mvua. Mahindi yangu pia yalikauka. Mbona mimi sikuitwa mlozi? Kwa sababu nina mume! Mjane ndiye wa kuonewa.

"Asikiguse mtu!" nikasema. Nikamwita mdogo wangu Eliane. Anafanya kazi Mbarara, kwenye nyumba ya kuhifadhi vitu vya kale. Alikuwa amekuja kunitembelea.

"Baba, kwako mnapikia nini?" Eliane akamuuliza Mihigo.

"Sufuria."

"Chini ni bapa. Na bibi yako, alipikia wapi?"

Mihigo akajikuna kichwa. "Mu mafiga."

Eliane akapanga mawe matatu, akaweka chungu juu. Kikatulia tuli.

"Chini ni mviringo ili kikae kwenye mafiga na moto ukizunguke," akasema. "Mdomo ni mpana, mwiko uingie. Ukingo umepinda nje, mikono ipate pa kushika. Masizi yako nje. Hiki ni cha kupikia. Cha maji kingekuwa na shingo nyembamba, maji yasimwagike njiani. Na mzizi huu mnene umeota ndani yake. Kankindi amefika juzi tu! Angekizika lini?"

Akamgeukia mwenye jiwe. "Weka chini. Kitu cha kale hakivunjwi wala hakioshwi. Unatoa taarifa kwa wanaohifadhi vitu vya kale."

"Basi, nilikosea," Mihigo akanong'ona.

"Unanong'ona?" nikamwambia. "Ulimtukana kwa kelele. Omba msamaha kwa kelele!"

Akapaza sauti mpaka barabarani wakasikia: "Kankindi, unisamehe! Weye si mulozi!"

Kisha akashika jembe, akamalizia shimo la choo. Chungu kikapelekwa Mbarara.

Mvua iliporudi, Mihigo alikuwa analima shamba lake. Akakuta chungu kingine. Safari hii hakupiga kelele. Alikuja mbio kwa Kankindi.

"Mama, kuja uone! Shingo yake nyembamba. Ni ya maji, ao?"

Kankindi akakitazama chungu. Kisha akamtazama Mihigo.

"Ni ya maji," akasema. "Lakini kama leo ningepiga kelele mbele ya batu kwamba weye ni mulozi, ungewaambia nini?"