Nyoka wa Darasa la Sita

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya mstari, Amna alipitia stoo ya sayansi akiwa bado amevaa koti la mvua. Tukuyu mvua haiombi ruhusa, na mwezi wa nne watoto hufika shuleni wameloa hadi soksi. Lakini Amna hakujali soksi. Katika darasa zima la sita, ni yeye peke yake aliyekuwa na ufunguo wa stoo, na aliuvaa shingoni kwa uzi, juu ya sweta, asije mtu akasema hakuuona.

Ndani ya stoo kulikuwa na beseni refu la plastiki lenye kifuniko cha wavu, na humo aliishi Kalamu. Alikuwa nyoka mchanga wa rangi ya kahawia, mwembamba kama kalamu ya wino, ndiyo maana wakampa jina hilo. Anyitike ndiye aliyemwona kwanza, siku walipokuwa wakipalilia migomba ya shule. Hakumgusa. Alirudi nyuma akamwita Mwalimu Lusungu, kama walivyofundishwa. Mwalimu alimpiga picha, akaituma kwa mtaalamu wa nyoka aliyeko Mbeya. Mtaalamu alijibu kwamba huyo hana sumu, chakula chake ni koa tu, yaani wale konokono wasio na gamba, na wangeweza kukaa naye wiki tatu kisha wamrudishe alikotoka. Mwalimu aliwaonya tena kwamba wakimwona nyoka mwingine yeyote, ni marufuku kumsogelea.

Anyitike aliitamani sana kazi ya kumlisha, lakini alipewa ya kubadilisha maji kila Ijumaa. Kulisha alipewa Amna, kwa sababu daftari zake zilikuwa safi na hakuwa mchelewaji. Maagizo yalikuwa mafupi: koa watafutwe chini ya magogo ya migomba yaliyooza, na Kalamu apewe wakiwa hai.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Amna, mtoto wa fundi cherehani wa mjini, alikuwa msafi kupindukia, na ute wa koa ulimtia kichefuchefu. Kuinua gogo lililooza na kuingiza mkono chini yake, hilo hakuliweza. Nyumbani kwao kulikuwa na tuta la mchicha, na mama yake alilizungushia majivu ya jikoni ili koa wasile majani. Kila asubuhi walikuwapo wawili watatu wamenasa kwenye majivu, wangali hai lakini wamekauka, hata hawatelezi. Amna aliwaokota kwa kijiko, akawatia kwenye kopo, akajiona mjanja.

Jumatatu ya kwanza, Kalamu alitoa ulimi, akawagusa, akageuza kichwa. Kisha akajikunja pembeni kana kwamba hakuletewa kitu.

Mwalimu alipoingia darasani Jumatatu hiyo, hata chaki hakushika kwanza.

"Amna, Kalamu amekula?"

Darasa zima lilimgeukia. Amna alikuwa na jibu la kweli mdomoni, lakini akamwona Anyitike amenyoosha shingo anasikiliza, akawaza jinsi ule ufunguo ungehamia shingo nyingine.

"Amekula, mwalimu. Wawili."

Wenzake wakampigia makofi. Makofi hayo yalimchoma, maana aliyajua hayakuwa yake.

Uongo ukishasemwa mara moja, kesho yake unadai kurudiwa. Jumanne Amna alisema amekula mmoja. Jumatano akasema watatu. Kila asubuhi aliwatupa dirishani wale koa wa jana, akafuta mikono kwenye sketi, akatoka na uso mkavu. Alhamisi alimwekea nyoka maziwa kwenye kifuniko cha chupa, kwa kuwa alikuwa amewasikia watu sokoni wakisema nyoka hunyonya ng'ombe. Maziwa yaliganda, nyoka hakuyatazama. Nyumbani Amna naye akaanza kuacha chakula, na mama yake alipomuuliza kama anaumwa, alijibu kwamba ni baridi tu. Alikuwa amewadanganya watu wangapi sasa? Hata kuhesabu aliona aibu.

Jumatatu ya pili, Mwalimu Lusungu alifungua beseni mwenyewe. Ngozi ya Kalamu ilikuwa imefanya mikunjo ubavuni, na alipoguswa hakusogea. Mwalimu alishangaa nyoka anayekula kila siku kukonda vile. Kama si chakula, alisema, basi huenda ni maji. Aliuliza chombo cha maji kinaoshwa na nini, na Anyitike akakiri kwamba Ijumaa alikiosha kwa sabuni ya unga. Mwalimu hakumkaripia. Alimwambia tu asiingie stoo kwanza, mpaka ijulikane kilichomdhuru nyoka.

Watoto hawakuwa na huruma hiyo. Kabla ya saa nne, Anyitike alikuwa ameshaitwa muuaji wa nyoka. Amna aliinamisha kichwa, akajifanya anasoma.

Wakati wa mapumziko, Anyitike alimfuata kibarazani. Amna alijiandaa kutukanwa, na pengine angeona nafuu. Lakini mvulana alisimama mbele yake akiminyaminya ncha ya sweta lake.

"Amna, nilisuuza mara tatu," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe unamjua kuliko sisi. Unafikiri sabuni ilibaki?"

Amna hakuweza kumtazama. Uso ulimwaka moto, na ufunguo shingoni ukawa mzito kama jiwe la kusagia. Huyu alikuwa amepokea kosa lisilo lake na kulibeba kwa adabu, na yeye mwenye kosa alikuwa akiulinda uongo wake kama askari.

Alikimbilia ofisi ya walimu, akavua ule uzi, akauweka mezani. Alieleza yote huku akilia, tangu koa wa kwanza hadi yale maziwa. Mwalimu Lusungu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba aliyeongopewa si yeye peke yake. Amna alielewa. Alirudi darasani, akasimama mbele, akasema kwamba Kalamu hajala hata siku moja, kwamba alidanganya, na kwamba Anyitike hana kosa.

"Sasa niambie," mwalimu akauliza, "hao koa uliwatoa wapi?"

"Kwenye majivu ya mama, mwalimu. Pembeni ya mchicha."

Mwalimu akatikisa kichwa. Aliwaeleza kwamba nyoka huyu huufuata ute kwa ulimi, na majivu huunyonya ute wote. Koa aliyepakwa majivu, kwake ni sawa na kijiwe.

Mchana ule Amna na Anyitike walipelekwa na mwalimu kwenye migomba. Mwalimu aligeuza magogo kwa fimbo, akahakikisha hapana hatari, na Amna akaingiza mkono. Ute ulimshika hadi kwenye kiganja, baridi. Alikunja uso lakini hakuutoa mkono mpaka amepata watatu. Waliwaweka kwenye jani bichi ndani ya beseni, wakalifunika kwa kitambaa, wakaondoka, maana mwalimu alisema nyoka mwenye aibu hali chakula akikodolewa macho.

Asubuhi iliyofuata, Amna alikabidhiwa ufunguo kwa muda tu. Aliingia stoo na Anyitike, wakafunua kitambaa. Darasani mwalimu alikuwa akiwasubiri.

"Amna, Kalamu amekula?"

Aliona haya kulijibu swali lile lile mbele ya watu wale wale. Hata hivyo aliinua kichwa.

"Mmoja tu, mwalimu. Wawili amewaacha."

Hakuna aliyepiga makofi. Anyitike aliitikia kwa kichwa kuthibitisha, na mwalimu akatabasamu.

"Hilo ni jibu ninaloweza kulifanyia kazi," alisema. "Siku ile ya kwanza ungesema hajala, tungeuliza kwa nini, na majivu tungeyagundua saa ile ile. Kalamu asingekaa na njaa siku nane, na mwenzako asingeitwa muuaji. Watoto wangu, kushindwa kazi si aibu, kila mtu hushindwa. Lakini ukificha kwamba umeshindwa, unawafungia mlango wote ambao wangekusaidia."

Kisha akauchukua ule ufunguo mkononi mwa Amna, akampa Anyitike. Amna aliuona ukivaliwa. Anyitike alifika mlangoni, akasimama, akageuka kumtazama.

"Twende," alisema. "Wewe ndiye unayejua kuwashika koa."