Salamu Iliyokatwa

Landkruza nyeupe ilivuka geti la Loduare, Ngorongoro, saa nne na nusu asubuhi, na Leodegar Kimario akaiacha chai yake mezani.

Chai ya tangawizi. Ya kwanza tangu jana mchana.

Aliingia kwenye Defender, akawasha. Ikakohoa, ikagoma, ikawaka. Goti la kushoto lilikuwa limevimba, macho yamejaa vumbi jekundu, na umri wake ulikuwa miaka hamsini na mbili. Jasusi wa umri huo anatakiwa akae ofisini Arusha, aulizwe kama anataka soda ya baridi au ya moto. Jamani! Huyu bado alikuwa anakimbizana na magari.

Redio ikakwaruza.

"Twiga Nne, Twiga Nne. Unanipata?"

Alikuwa Flaviana, mkuu wake wa kitengo.

"Nakupata, mama."

"Ndege wetu?"

"Ameruka. Anateremka Karatu na dereva wake."

"Gari la mahabusu linatoka kituo cha Karatu saa sita kamili, linamleta Saning'o huku Arusha, mahakamani. Akishasomewa mashtaka, mimi sina ujanja tena. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Unasikika umechoka, kaka."

"Nimechoka."

"Pole. Ova."

Pole! Miaka ishirini na sita ya pole. Angezipanga angejenga nyumba.

Saning'o alikuwa kiongozi wa askari wanaolinda faru ndani ya kreta. Siku tisa zilizopita, faru jike aliuawa msitu wa Lerai mchana kweupe, pembe zikakatwa. Askari watano waliotakiwa kuwa pale hawakuwepo. Walikuwa wametumwa kwa redio waende Seneto, kwenye mteremko wa kuingilia kreta, na sauti iliyowatuma ilikuwa ya Saning'o. Watu watano waliisikia. Wote wakaapa ni yeye.

Saning'o akakana. Nani angemsikiliza? Alikuwa anakwenda kufungwa miaka thelathini, na mkewe Karatu alikuwa ameshaanza kuitwa mke wa mwizi sokoni.

Leodegar aliamini kama wengine mpaka jana mchana, alipokaa mgahawani na Ngoyai, mmoja wa wale watano. Ngoyai na Saning'o walikuwa rika moja, walitahiriwa msimu mmoja.

"Sauti ilikuwa yake?"

"Yake kabisa, mzee. Hata kile kikohozi chake."

"Alisema nini? Nataka neno kwa neno."

"Alisema, 'Takwenya. Askari wa Lerai, nendeni wote Seneto, haraka.'" Ngoyai akacheka kidogo, kicheko cha aibu.

"Unacheka nini sasa?"

"Kwetu Wamasai takwenya ni ya kumsalimia mwanamke, mzee. Sisi wanaume tunaambiana supai. Tulicheka njia nzima! Tukasema, leo Saning'o katuona akina mama."

"Halafu?"

"Halafu tukaenda Seneto."

"Polisi uliwaambia?"

"Polisi hawakuuliza mambo ya salamu."

Leodegar alivua spika za masikioni zilizokuwa zinaning'inia shingoni. Hakuwa na usingizi tena.

"Kwenye redio, Saning'o huwa anamwambia nani takwenya?"

"Brigita, yule dada wa makao makuu anayepokea simu za upepo. Kila siku asubuhi. Kamfundisha mpaka kuitikia."

Hapo ndipo Leodegar alipoitoa mashine yake mfukoni, akaiweka mezani katikati ya vikombe, akaitazama kana kwamba imemtukana.

Ilikuwa MiniDisc, kinasa sauti cha diski ndogo. Sony MZ-R700, rangi ya fedha, ndogo kuliko kitabu cha sala. Alitembea nayo mwaka wa pili sasa. Vijana wa kitengo walimtania, mzee mzima na nyaya masikioni, lakini kwenye barabara ya Makuyuni kwaya ndiyo iliyomzuia asisinzie kwenye usukani. Tena haikuwa na mambo ya kaseti, ya kumeza utepe ukauzungusha kwa kalamu. Jioni hotelini alikuwa anajichezea nayo. Unaukata wimbo vipande. Kipande cha mwisho unakipeleka mwanzo. Unaunga, unafuta usichokitaka. Mshono hausikiki.

Ukiweza kumkata mwanakwaya, unaweza kumkata na askari wa faru.

Na Ngorongoro nzima alikuwepo mtu mmoja tu mwingine mwenye mashine kama ile. Dokta Krause. Mzungu mpole, kofia pana, kibali cha kurekodi sauti za ndege. Miezi miwili alikaa karibu na kituo cha askari na kinasa sauti chenye bakuli kubwa kama sufuria ya harusi, dereva wake Joel pembeni, redio ya upepo ya gari imefunguliwa kwenye masafa ya askari. Watu walimpa hata maziwa.

Ndege gani wale, Dokta? Ndege wa kusema "nendeni Seneto"?

Sasa Dokta alikuwa anaondoka.

Barabara ilikuwa inatengenezwa. Magreda, vifusi, njia za pembeni zenye mashimo ya kuzika mbuzi. Landkruza ilikuwa mita mia nne mbele.

Mia tatu.

Joel aliangalia kioo, akamwona. Gari likaongeza mwendo. Leodegar naye akakanyaga mafuta, goti likapiga kelele, na yeye akalitukana kwa Kichaga.

Saa tano na dakika tano wakaingia Karatu.

Tarehe saba. Siku ya mnada.

Dereva yeyote wa Karatu anajua kwamba tarehe saba hupiti njia ya juu, ya mnadani. Joel alikuwa mtu wa Moshi. Aliingia kichwa kichwa katikati ya ng'ombe mia mbili, akakata kona kuwakwepa, akapanda rundo la mawe ya barabara. Tairi la mbele likapasuka. Landkruza ikajikokota mpaka gereji ya Patrisi, ikasimama imeinama upande.

Leodegar alisimamisha Defender nyuma yake, akaizuia njia. Akashuka polepole. Asingeweza kushuka haraka hata angetaka.

"Habari za asubuhi, Dokta."

"Nzuri, mzee," Krause alijibu. Kiswahili chake kilikuwa safi. "Kuna shida?"

"Ipo. Naomba kuona mizigo."

Joel alitoka na spana ya magurudumu mkononi. Leodegar alifunua koti, akamwonyesha kitako cha bastola yake, Makarov.

"Mwanangu, usinichoshe. Iweke chini."

Joel hakuiweka. Alirusha. Spana ikampata Leodegar begani, naye akaenda chini, goti baya likitangulia, akaona nyota mchana. Joel akageuka kukimbia. Patrisi, mwenye gereji, mtu wa kilo mia na kumi, aliyekuwa amemaliza tu kujaza upepo, alinyoosha mguu. Joel akaanguka kwenye oili chafu. Patrisi akamkalia.

"Endelea na shughuli zako, mzee," Patrisi alisema. "Huyu nipo naye."

Leodegar aliinuka kwa kushika bampa, bastola mkononi. Ndani ya sanduku la kinasa sauti aliona sweta la kijani. Ndani ya sweta, pembe mbili.

Krause hakushtuka hata kidogo.

"Nimeuziwa," alisema. "Na Saning'o. Nitalipa faini yangu, nitarudishwa kwetu. Yeye je?"

Huyo mtu alikuwa ameshapiga hesabu zote. Pembe peke yake zingemzamisha Saning'o zaidi.

"Nataka diski," Leodegar alisema.

Krause akatabasamu. Mkono wake ulikuwa mfukoni muda wote ule, na sasa aliutoa na MZ-R700 kama ile ya Leodegar, rangi ya bluu. Kidole gumba kilikuwa tayari kwenye kitufe. Kioo kidogo kikauliza kama afute vyote.

Akabonyeza.

"Imefutika," alisema. "Pole sana, mzee."

Leodegar hakupiga risasi. Alimrukia, mwili mzima, bega na goti na uchovu wote wa siku tisa. Akampokonya mashine, akafungua kifuniko cha pembeni kwa ukucha, akaichomoa betri.

Kioo kikazimika.

Krause alicheka akiwa bado chini. "Umechelewa."

"Unajua kurekodi," Leodegar alisema, anahema. "Hujui kupoteza."

Yeye alijua. Mwaka jana, Pasaka, alikaa benchi la mbele akamrekodi mkewe Anneth akiimba sauti ya kwanza, saa nzima na robo. Misa ilipoisha akachomoa betri haraka aiweke nyingine, kabla mashine haijaandika. Diski ikabaki kama ilivyokuwa kabla ya kurekodi. Mashine hii haiandiki kitu papo hapo. Inaweka akilini kwanza, halafu mwishoni ndiyo inaandika kwenye diski orodha ya kilichomo, na maandishi ya TOC EDIT yanawaka wakati huo. Ukikata umeme kabla hayajawaka, ulichofanya mwisho hakipo, kiwe ni kurekodi au kufuta. Anneth alifariki Agosti. Leodegar alililia ile saa na robo kuliko alivyolia makaburini, na hakuwahi kumwambia mtu.

Maandishi yalikuwa hayajawaka. Alikuwa na uhakika. Karibu uhakika.

Saa tano na dakika arobaini.

Askari wawili waliokuwa mnadani walimfunga Krause pingu. Leodegar akaendesha mpaka kituoni kwa mkono mmoja, bega likiwaka moto. Gari la mahabusu lilikuwa linanguruma uani, mlango wa nyuma wazi. Saning'o alikuwa ameshaweka mguu mmoja juu.

"Mteremshe," Leodegar alisema.

"Kwa amri ya nani?" afisa wa zamu aliuliza.

"Nipe dakika tano tu, afande. Nakuomba. Sina nguvu za kugombana."

Pengine ni lile neno nakuomba. Afisa akakubali. Brigita alikuwa ndani, ameitwa kutoa ushahidi wa redio, na Ngoyai alikuwa benchini kwa sababu hiyo hiyo. Leodegar aliweka betri mpya, akaunganisha spika mbili ndogo alizokuwa nazo kwenye begi. Akabonyeza. 

Kimya.

Kimya bado.

Kisha ndege. Kisha kikohozi.

"Brigita, takwenya!" Sauti ya Saning'o, safi kabisa, ya asubuhi. Na Brigita kwenye diski akaitikia, "Iko!"

"Hiyo ni Jumatatu ile!" Brigita aliruka kitini. "Hapo namwambia habari ya ndama wangu. Sikilizeni!"

Vipande vikafuata. Askari wa Lerai, wamefika? Magari ya wageni, nendeni wote Seneto. Leteni maji, haraka. Kimoja kimoja, siku mbalimbali, maneno ya kazi ya kawaida. Na cha kumi na nne kilikuwa vile vipande vimeungwa.

"Takwenya. Askari wa Lerai, nendeni wote Seneto, haraka."

Afisa wa zamu alirudia mara tatu. Halafu akavua kofia, akajikuna kichwa, akaagiza gari lizimwe.

"Pole, bwana," alimwambia Saning'o. "Ndiyo kazi."

Saning'o alirudishiwa mkanda na kamba za viatu. Alikuwa amekonda, shati linaning'inia. Hakushukuru. Alikaa chini akaanza kufunga kamba, taratibu, huku anaongea na Leodegar bila kumtazama.

"Yule mzungu angejua salamu zetu, ingekuwaje?"

Leodegar angeweza kumwambia neno la faraja. Hakuona sababu ya kumdanganya mtu aliyelala sakafuni siku tisa.

"Ungefungwa, kaka."

"Miaka thelathini."

"Thelathini."

Saning'o akafunga fundo la pili. Kisha akamgeukia Ngoyai, aliyekuwa amebana ukutani kama anataka kuingia ndani yake.

"Ulisikia nimekusalimia kama mwanamke."

"Nilisikia."

"Ukacheka."

"Tulicheka."

"Siku nyingine ukinisikia nimekosea, rika langu, uliza."

Ngoyai, mwanaume wa miaka arobaini, baba wa watoto saba, akalia pale pale mbele ya mapolisi, kwa sauti. Saning'o alisimama, akamshika mkono, akatoka naye nje.

Leodegar aliandika risiti ya diski, akaipiga mhuri, akaaga. Kwenye Defender redio ilikuwa inaita. Engaresero, kambi ya watalii, haraka iwezekanavyo.

"Twiga Nne, umepokea?"

"Nimepokea, mama. Nakwenda kunywa chai kwanza."

Akazima redio, akavuka barabara akichechemea katikati ya ng'ombe.