Ukuta wa Aaltje

Bi Teuntje alijigonga paji la uso katikati ya chumba, mahali pasipo na kitu. Kahawa ikamwagika. Alipopapasa mbele yake, mkono ulipita hewani. Hewa baridi, basi. Ila hapo, chini ya zulia jipya, ndipo ulipokuwa umesimama ukuta uliobomolewa kiangazi kilichopita.

Nyumba hizi za wakfu, mjini Leiden, zilijengwa ndogo makusudi: mjane mmoja, chumba kimoja, mlango mmoja unaotazama ua. Karne nne zilitosha. Kisha wadhamini wakagundua kwamba mtu wa leo hatoshei humo, wakaanza kuziunganisha mbili mbili. Ya Teuntje iliunganishwa na ya jirani yake Aaltje, ambaye aliambiwa akapumzike kidogo kwenye makao ya wazee, atarudi. Alifia huko kabla chokaa haijakauka. Mlango wake uliachwa, kwa kuwa sura ya nje inalindwa na sheria. Ukapakwa rangi ya kijani, kitasa kikang'arishwa, na nyuma yake yakapangwa matofali. Watalii huupiga picha. Hivyo mbao zilipata sheria ya kuzilinda. Aliyekuwa akizifungua kila asubuhi hakupata hata wa kumsemea.

"Shoga, ni uzee huo," alisema Nel wa nyumba ya pili, akiutazama uvimbe. "Mimi juzi nimelikaripia koti langu nikidhani ni mwanamume."

"Nel, kule upande wa pili kunanuka kafuri."

Nel akaacha kucheka. Ua mzima ulijua ni nani aliyekuwa akijipaka kafuri magotini.

"Usimwambie Bi Terlouw," alinong'ona. "Aaltje alilalamika kidogo tu, wakasema amechanganyikiwa. Unataka wakufungashie virago na wewe?"

Teuntje hakutaka. Hakuwa na mtoto wala akiba; alikuwa na kile chumba tu. Akanyamaza.

Lakini ukuta haukunyamaza. Jua lilipozama, na majira ya baridi huzama mapema kama mwenye haya, alisikia mwiko wa mwashi ukikwangua tofali, taratibu, kama anayefanya kazi yake bila haraka. Kila siku nafasi ya kupita ilipungua. Macho yaliona chumba kipana. Mabega yalikutana na kitu kigumu kulia, kitu kigumu kushoto. Jioni moja akawaza juu ya kitanda chake kilichokuwa upande ule, na juu ya mlango wa kijani usio na pa kutokea, na papo hapo akaburuta godoro hadi jikoni.

Habari zikamfikia Bi Terlouw, mkuu wa wadhamini. Alikuja amevaa skafu ya hariri na tabasamu la ofisini.

"Godoro linafanya nini jikoni, Bi Teuntje?"

"Huku kuna joto."

"Nimesikia habari za ukuta. Nakwambia kwa upendo, mama yangu: nikiambiwa tena kwamba unasikia vitu, nitakutafutia mahali pa kutunzwa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana. Ila usipite huko, tafadhali."

Bi Terlouw akacheka, akapita. Alipita kwa ubavu, amebana tumbo, bila kujua kwa nini.

"Ona mwanga huu," alisema kutoka upande wa pili. "Ona dirisha. Watu wangapi mjini wanapata..."

Na hapo mwiko ukaanza kwenda mbio, mwiko juu ya mwiko kana kwamba mafundi wa karne zote wameitwa kazini pamoja, na kafuri ikampanda Teuntje puani hadi machozi yakamtoka, na sauti ya Bi Terlouw ikaendelea kusifu dirisha huku ikififia kama ya mtu anayefunikwa blanketi moja baada ya jingine, mpaka Teuntje aliponyoosha mkono kumvuta na vidole vyake vikagusa chokaa, chokaa kavu, kuukuu, ya tangu enzi, na msumari ambao Teuntje alikuwa akitundikia kalenda yake kabla ya ubomoaji ukiwa palepale.

Chumba kimoja. Mjane mmoja.

Baadaye kijana Joost, karani wa wadhamini, alisimama kizingitini na mvua mabegani.

"Samahani, bibi. Gari la Bi Terlouw liko nje na simu yake haipokelewi. Alifika kwako?"

Nyuma ya mlango wa kijani, hatua chache kutoka aliposimama, kitu kiligonga. Kikagonga tena, kwa viganja viwili. Joost akageuza shingo.

"Kuna mtu anagonga? Bibi, husikii?"

Teuntje aliutazama ukuta, akalitazama godoro lake, akalikaza shali kifuani.

"Mimi sisikii vitu, mwanangu," alisema.