Maji ya Kwanza ya Asubuhi

Kama nyumba ile ingekuwa na jogoo, fundi cherehani ndiye angemwamsha.

Kila siku aliamka kabla ya watu wote. Alijifunga kitambaa kichwani, akanyata kando ya cherehani yake asije akakanyaga pini, akaingia jikoni. Hapo alifungua koki na kukinga sufuria.

Maji yale hayakuwa ya chai ya wakubwa, wala ya kuoshea vyombo. Yalikuwa ya uji wa mtoto. Ndivyo marehemu mama mkwe wake alivyomfundisha alipoingia nyumba ile akiwa bibi harusi.

"Maji haya yamelala usiku kucha," mama mkwe alimwambia. "Yametulia. Hakuna mkono ulioyagusa. Ya kwanza ni ya mdogo wetu. Sisi tutakunywa yanayofuata."

Fundi alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Tena alizidisha. Maji ya mtoto aliyachemsha mpaka kifuniko cha sufuria kikacheza ngoma.

Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka mitatu. Watu walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Asubuhi alikaa na babu yake kwenye benchi la uani na kumuuliza maswali. Babu, kuku analala na viatu? Babu, mbona kichwa chako hakina nywele? Babu, ukuta unasikia njaa?

"Mtoto huyu atanimaliza," Babu alisema. Lakini asubuhi Chiriku akichelewa kutoka, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza yuko wapi.

Kisha maswali yakaanza kupungua.

Mwanzoni hakuna aliyejali. Baadaye Chiriku akawa anasukuma bakuli la uji. Akawa anashika tumbo na kulia. Alichoka upesi, alinuna bila sababu, na macho yake yakapoteza ule uchangamfu. Alikaa kwenye benchi na babu yake, kimya, akichezea kifungo cha nguo.

Baba yake, dereva wa lori, alipiga simu kutoka safarini. "Nipe Chiriku wangu tuongee."

Fundi alimwekea mtoto simu sikioni. Chiriku alisikiliza, kisha akaisukuma simu kando.

"Mbona hasemi?" sauti ya baba iliuliza.

Fundi aliichukua simu, akamweleza habari za tumbo. Kesho yake alimbeba mtoto akaenda zahanati.

Nesi alimpima Chiriku malaria. Hakuna. Akampima minyoo. Hakuna. Akavuta kiti, akaketi karibu na fundi.

"Mama, nyumba yenu ni ya zamani?"

"Ya zamani sana. Baba mkwe alizaliwa humo."

"Na maji ya kunywa mnapata wapi?"

"Kwenye koki, jikoni. Lakini nesi, usihofu maji. Nachemsha kweli kweli!"

Nesi alitikisa kichwa taratibu. "Kuchemsha kunaua vijidudu, na ni vizuri. Lakini kuna kitu kimoja moto haukiwezi. Naomba nimtoe Chiriku damu kidogo, tukitafute."

Chiriku alichomwa sindano. Hakulia hata kidogo. Jambo hilo lilimtia mama yake hofu kuliko kilio chochote.

Majibu yaliporudi, nesi alimwita fundi ndani na kufunga mlango.

"Tumeona risasi katika damu yake."

"Risasi?" Fundi alishika kifua. "Mwanangu hajapigwa bunduki!"

"Hapana, mama. Nasema ile metali yenyewe. Ni metali laini, ya kijivu. Zamani walitengenezea mabomba ya maji. Haionekani ndani ya maji, haina ladha wala harufu. Lakini inaingia mwilini kidogo kidogo. Kwa watoto wadogo na kwa mimba ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu inagusa ubongo unaokua."

"Mwanangu ataharibika?"

"Nisikilize. Tumeigundua mapema. Kiasi alicho nacho hakijafika pa kulazwa na kupewa dawa. Kinachotakiwa ni kuziba chanzo, leo, siyo mwezi ujao. Mpe maharagwe, mayai, mboga za majani, maziwa na machungwa. Mwili ulioshiba vizuri hauinyonyi risasi kwa pupa. Tutampima tena na tena, na tutamfuatilia anavyokua. Sasa nenda idara ya maji. Waje waangalie bomba lenu."

Idara ilimtuma mwanamke mmoja mwenye mabuti makubwa yaliyofika karibu na magoti. Mtaa mzima ulimwita Bi Mabuti, naye aliitika bila kinyongo.

Bi Mabuti alipiga magoti chini ya sinki. Hapo bomba lilitokeza ukutani, la kijivu iliyofifia, limevimba kidogo penye kiungo. Alitoa sarafu mfukoni akalikwaruza. Mkwaruzo uling'aa kama kijiko kipya.

"Mna sumaku humu ndani?" aliuliza.

Fundi alikuwa nayo. Kila siku aliitumia kuokota pini zilizomwanguka. Alikwenda kuichukua kwenye cherehani, pini mbili bado zimeng'ang'ania.

"Iweke kwenye bomba," Bi Mabuti alimwambia.

Fundi aliiweka. Sumaku ikadondoka sakafuni. Aliiokota akajaribu tena. Ikadondoka tena.

"Bomba la chuma lingeishika," Bi Mabuti alisema. "La shaba lina rangi nyekundu ya kahawia. La plastiki unaligonga tu, unalijua. Hili ni laini, ukilikwaruza linang'aa, na sumaku hailitaki. Hiyo ndiyo risasi, dada yangu."

"Na kuchemsha hakuitoi?"

"Haitoki. Maji yanapungua, yenyewe inabaki. Ukichemsha sana, unaikoleza."

"Na maji ya asubuhi? Yale ya kwanza?"

"Hayo ndiyo mabaya kuliko yote. Yamelala ndani ya bomba usiku kucha, yakilamba risasi. Hayo usimpe mtu kabisa."

Fundi aliketi chini pale pale jikoni. Sumaku ilikuwa bado mkononi mwake.

"Mimi ndiye niliyekuwa nampa," alisema. "Kila asubuhi. Sisi wakubwa tulikunywa yanayofuata. Ya kwanza nilimwekea yeye, kwa sababu nampenda."

Bi Mabuti aliketi sakafuni karibu naye, mabuti yakiwa yamenyooka mbele kama mitumbwi. "Ulimpa kile ulichofundishwa kuwa bora. Sasa umejua zaidi, na leo hii unaweza kubadilisha. Tuendelee?"

Fundi alijifuta macho kwa ukingo wa kitambaa. "Tuendelee."

Bi Mabuti alifunga chujio kwenye koki, lile lililothibitishwa kuzuia risasi, maana si kila chujio linaweza. "Hili ni la kushikilia kwa muda," alisema. "Kabla ya kutumia maji, hasa asubuhi, yaache yatiririke dakika chache, mpaka usikie ubaridi wake umebadilika. Yakinge kwenye ndoo ya kudekia, usiyamwage bure. Ya kunywa na kupikia yawe ya baridi siku zote, maana ya moto huvuta risasi zaidi. Lakini tiba yenyewe ni kung'oa bomba lote. Gharama ni ya idara. Tunataka ruhusa ya mwenye nyumba tu."

Mwenye nyumba alikuwa amekwisha simama mlangoni.

Babu alikuwa fundi mwashi mstaafu. Sakafu ya ua ule aliimwaga yeye mwenyewe, akailainisha kwa magoti yake, mpaka mvua ikinyesha unaiona mbingu chini. Wageni walivua viatu kabla ya kuikanyaga, ingawa hakuna aliyewaambia.

"Bomba linapita wapi, binti?" aliuliza, ingawa alijua.

"Chini ya ua, mzee wangu. Kutoka barabarani mpaka hapa."

"Basi badilisheni la barabarani. La uani liacheni. Lilikuwapo kabla sijazaliwa, na mimi niko hai."

"Mzee, nusu ni hatari pia. Tukilikata katikati na kuunga jipya, la zamani linatikisika na kumwaga vumbi lake ndani ya maji. Mjukuu wako atakunywa risasi zaidi, siyo kidogo."

"Sakafu yangu haivunjwi."

"Baba," fundi alisema.

Kwa miaka yote aliyoishi nyumba ile hakuwahi kubishana na baba mkwe wake.

"Baba, sakafu yako ni nzuri, hakuna mtu atakayesema vingine. Utaketi kwenye benchi lako na kuitazama. Lakini nani atakusumbua hapo? Nani atakuuliza kama ukuta unasikia njaa?"

Babu aligeuka akatazama uani. Chiriku alikuwa kwenye benchi peke yake, kifungo mkononi. Babu alimtazama kwa muda mrefu. Labda alikuwa anangoja aulizwe kitu. Hakuulizwa.

Alikohoa. "Binti wa mabuti. Mtavunja sehemu kubwa kiasi gani?"

Uso wa Bi Mabuti ulichanua. "Mzee, si ungeuliza hilo kwanza? Hatuchimbi mtaro siku hizi, ardhi ikikubali. Tunachimba shimo moja barabarani, na jingine hapa penye ukuta. Tunapitisha waya wa chuma ndani ya bomba la zamani, tunafunga bomba jipya mkiani, kisha tunavuta. La zamani linatoka, jipya linaingia nyuma yake."

"Kama uzi na sindano," fundi alisema.

"Kama uzi na sindano! Shimo la hapa halizidi beseni la kufulia."

"Mwanzoni ulikuwa kimya kuhusu beseni," Babu alinung'unika. "Nyie watu wa idara mnaanza na habari mbaya." Akaingia chumbani, akarudi na chaki, nyundo na tindo. "Na hakuna atakayeikata sakafu hii ila mimi. Vijana wenu wataipasua kama biskuti."

Siku ya kazi, Babu alichora mraba na kuukata kwa makini, kipande kikatoka kizima. Mafundi wa idara walichimba, wakapitisha waya, wakawasha mashine ya kuvutia kule barabarani. Majirani walitoka kutazama. Bomba la zamani likaanza kutokeza shimoni, la kijivu, limejikunja kama mnyoo aliyekasirika.

Babu aliinama akalikwaruza kwa ukucha. Ukucha ukaacha alama.

"Hiki ndicho tulichokuwa tunanywea?" alisema polepole. Alilitazama mpaka bomba jipya la plastiki lilipofungwa, kisha akarudi uani, akakirudisha kile kipande cha sakafu na kukipaka saruji mpya.

Kabla ya kuondoka, Bi Mabuti alitoa chujio, akafungua koki na kuyaacha maji yatiririke kwa muda mrefu, ili uchafu wote utoke. Akafungua kile kichungi kidogo kwenye mdomo wa koki. Ndani mlikuwa na punje za kijivu. Akakiosha, akakirudisha pamoja na chujio.

"Endeleeni na chujio mpaka tuyapime maji na kuwaambia yako salama," alisema. "Na wewe, dada, nakuona unaishikilia sumaku hiyo. Una mpango gani nayo?"

Fundi alicheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu siku ile ya zahanati.

Mpango aliokuwa nao ulionekana kesho yake. Alizunguka mtaani na sumaku mfukoni, akipiga hodi nyumba moja baada ya nyingine.

"Karibu, daktari wa mabomba!" jirani yake, mama muuza sabuni, alimtania. "Leo umeacha sindano?"

"Nionyeshe chini ya sinki lako, shoga, kisha tutacheka wote."

Sumaku ilidondoka kwa muuza sabuni. Ikadondoka kwa kinyozi, ambaye mkewe alikuwa mjamzito. Kwingine iling'ang'ania, au bomba lilikuwa la plastiki. Wote aliwaambia waite idara waje kupima, maana jicho na sumaku havitoshi. Wenye mabomba ya kijivu walikwenda idarani pamoja. Mabuti yale yakawa yanaonekana mtaani karibu kila siku.

Maji yalipimwa, yakawa salama. Chiriku alipimwa tena, risasi imeshuka. Akapimwa mara nyingine, imeshuka zaidi.

"Inakwenda vizuri," nesi alisema. "Tutaendelea kumfuatilia, lakini inakwenda vizuri, mama."

Fundi alitoka nje ya zahanati, akasimama kwenye jua.

Bado anaamka kabla ya watu wote. Bado ananyata kando ya cherehani. Lakini sasa maji yaliyolala usiku anayakinga kwenye ndoo ya kudekia. Yakibadilika ubaridi, ndipo anakinga sufuria ya uji.

Asubuhi moja alikuwa anakoroga uji huo. Sauti mbili zikamfikia kutoka uani.

"Babu, mbona kiraka hiki kina rangi nyingine?"

"Kwa sababu ni kipya."

"Babu, wewe ni mpya?"

"Mimi ni wa zamani."

"Sasa mbona hawajakuvuta na waya?"

Sauti ya Babu ikapaa mpaka kwa majirani. "Mama Chiriku! Njoo umchukue mtoto wako! Amenimaliza!"

Fundi alipunguza moto. Aliendelea kukoroga polepole, akijifanya hajasikia.