Nilijipa Nyimbo za Shoga Yangu

Mimi ni mjane wa miaka sitini na moja, nakaa Kikwajuni, mjini. Mikasa mingi ninayoisoma hapa huletwa na waliodhulumiwa. Mimi nilidhulumu... na nimechoka kulibeba jambo hili peke yangu.

Kikundi chetu cha taarab cha akina mama kilianzia uani kwa shoga yangu Rukia. Tulikuwa wanne, tunashona kofia huku tunaimba kupitisha muda. Rukia hakujua kuandika, lakini beti zilimtoka kama mtu anayepiga soga. Mimi nilikuwa nikiziandika kwenye daftari ili wenzetu wazishike. Yeye anaongoza, sisi tunaitikia. Tukafika watu ishirini, tukawa tunaalikwa harusini, tukirudi na shukrani na sahani za biriani.

Mama yake alipofariki, Rukia hakuimba siku nyingi, kisha akaja na wimbo mmoja. Siku ya kwanza kuuimba hakuna aliyeweza kuitikia. Sote tulikuwa tunalia.

Baadaye aliolewa kijijini Jambiani, pwani. Kwa miaka mingi alikuja mjini kila Alhamisi kufanya mazoezi, mikono imechubuka kwa kufunga mwani kwenye kamba baharini. Magoti yalipomzidi, akaacha. Uongozi ukabaki kwangu.

Miaka mitatu iliyopita akaja binti mmoja msomi kutoka chuo cha Tunguu, anakusanya historia za vikundi vya uimbaji. Akaniamkia kwa adabu, nami nikamtolea daftari.

“Bi Salma, huu mwandiko wote ni wako?”

“Naam.”

“Kwa hiyo wewe ndiye uliyeanzisha kikundi na kutunga nyimbo hizi?”

Ningeshindwa nini kusema hapana? Wenzangu wawili walikuwepo, wakainamisha macho. Nikasema ndiyo.

Kitabu kidogo kikatoka, picha yangu mbele. Nikaitwa redioni. Huko nikaulizwa habari za wimbo ule wa msiba, nikajibu kuwa nilimtungia mama yangu. Hata chozi lilinitoka... sijui lilitoka wapi.

Wiki ile ile Rukia alikuja kwangu na pweza mkavu kwenye kikapu, kama kawaida yake. Alikunywa chai, akaniuliza hali za wajukuu. Kisha akasema taratibu:

“Salma, nlikusikia redioni. Mama yangu kawa mama yako lini?”

Nilianza kulia.

“Nyamaza. Mie sitaki kitabu. Alhamisi ntakuja mazoezini, uwambie wenzetu kweli. Basi.”

Nikaapa kwamba nitasema.

Alhamisi ikafika, na yule binti naye akaja, kaleta wageni. Rukia alikaa kwenye mkeka nyuma ya wenzake, ananitazama. Tukaimba wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kila mmoja ulipomalizika nilijiambia, sasa... Wageni wakapiga makofi, wakaondoka. Rukia akavaa buibui lake, akamuaga kila mtu kwa jina, na mimi pia, akatoka.

Ugomvi ningeuweza. Kuagwa vile kulinimaliza.

Tangu siku ile wenzangu wakaanza kupungua. Huyu ana mgonjwa, yule ana shughuli. Nilipombana Bi Zuhura, mkubwa wetu, akanambia, “Mwanangu, tulinyamaza kwa kukustahi. Lakini kuimba na weye tena, hapana.” Kikundi cha miaka zaidi ya thelathini kikafa bila hata mkutano.

Kila wiki nilipanga kwenda Jambiani, kila wiki nikaahirisha. Mpaka nikasikia Rukia kapatwa na kiharusi, hawezi kusema. Nilikwenda siku hiyo hiyo. Mbele ya wanawe nikasema yote: kikundi ni chake, nyimbo ni zake, mama ni wake. Nikamshika mkono, nikamwomba radhi. Alinitazama kwa muda mrefu. Halafu akautoa mkono wake polepole, akauweka kifuani, akafumba macho.

Alinisamehe, au alinifukuza? Mpaka leo sijui, na yeye hawezi kunambia.

Yule binti nimemweleza. Kasema atarekebisha kitabu kikichapwa tena. Lini, hajui.

Wasomaji wenzangu, kama watu wanakusifu kwa kazi ya mwenzio, mtaje mwenyewe leo, angali anaweza kukujibu. Aibu ya kumtaja ni ya dakika chache tu. Hii yangu nnaamka nayo kila siku.